Sabuni ni Sabuni

Mashine ya kuoshea vyombo ililetwa nyumbani kwetu na mwanangu wa kiume, miaka miwili kabla baba yake hajafariki. Mwanangu huyu ni fundi bomba. Tangu akiwa mdogo, marehemu alimpa jina la Koleo, kwa sababu hakuachana na koleo la baba yake hata akienda kulala. Mashine aliifunga mwenyewe, kando ya sinki. Alilala chali sakafuni nusu siku, miguu tu ndiyo inaonekana, akiunga mpira wa kuingiza maji na mpira wa kutoa. Alipomaliza alitandaza karatasi kavu chini ya kiungio, akawasha mashine, akatukataza kuigusa karatasi ile hadi kesho yake. Kesho yake akaja, akaivuta, akampa baba yake aishike. Ilikuwa kavu kabisa. Mzee akaikunja akaitia mfuko wa shati kama mtu aliyepokea cheti.

Mimi sikuitaka. Nimesoma hadi darasa la saba, na kile kijitabu cha maelezo kilikuwa na vishale vingi kuliko maneno. Lakini mzee wangu aliipenda mno. Alivuta kiti akakaa mbele yake inapounguruma, kama anasubiri taarifa ya habari. Nikamwambia mimi mkewe hajawahi kunitazama hivyo hata siku moja. Akasema mashine ina sifa moja, haijibizani.

Kila Jumamosi aliitunza. Alitoa chujio la chini, akalisugua kwa mswaki wa zamani, akanionyesha mbegu za limau na vijifupa kama ushahidi dhidi yangu. Alichokonoa kwa kijiti matundu ya ile mikono inayozunguka na kurusha maji. Aliongeza chumvi ya kulainisha maji mahali pake. Sahani alizipanga zote zikiangalia upande mmoja, kama watu kwenye ibada, na nikiweka ya kwangu ovyo aliigeuza kimyakimya. Kutia dawa ilikuwa kazi yake pia. Ni vidonge vyeupe, kimoja kila safari, Koleo ndiye aliyekuwa akivileta.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya ibada. Vidonge vilikuwa vimeisha na sikujua. Mzee alikuwa amejilaza chumbani, goti linamsumbua, nikaona nisimwamshe kwa jambo dogo. Nilipanga vyombo, nikachukua chupa ya sabuni ya maji, ile ya kuoshea kwa mkono, nikajaza kile kitundu cha dawa. Sahani zilikuwa na mafuta, kwa hiyo nikamimina na nyingine ndani, kama kikombe kizima. Niliwaza, sabuni ni sabuni. Nikabonyeza, nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda kusali.

Niliporudi, povu lilikuwa limetanda jikoni kote, linafika kwenye vifundo vya miguu. Mzee alikuwa amelala ubavu katikati yake, kichwa kimepiga ukingo wa sinki, mkono umenyooka kuelekea swichi ya ukutani. Alikuwa amekwenda kuizima. Swichi alikuwa ameifikia.

Jirani yetu mshonaji alitafuta gari, tukampeleka hospitali. Aliishi siku mbili. Mara moja tu alifumbua macho, akanitambua, akaniuliza, "Vyombo vimetakata?"

Nikamwambia, "Vimetakata, mume wangu."

Hakusema tena.

Jioni ya siku ile ya kwanza nilirudi nyumbani kuchukua shuka. Povu lilikuwa limekufa, limebaki maji. Nikapiga deki. Vyombo nikavitoa, nikavisuuza kwa mkono. Ile chupa nikaisuuza pia, nikaenda kuitupa kwenye pipa la taka la nje. Sikusema moyoni kwamba naficha. Nilisema nafanya usafi.

Msibani mshonaji alinikumbatia akaniambia nijikaze kisabuni. Ni maneno ya kila siku, hakujua anasema nini. Nilitoka nje nikatapika.

Baada ya mazishi Koleo aliingia jikoni, akapiga magoti, akagusa mbao za kabati zilizovimba kwa maji. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni, na mimi nyuma yake. Koleo hakulia. Alisema, "Ni kiungio changu kimeachia. Mimi ndiye niliyemuua baba."

Nilifungua mdomo. Sebuleni watu walikuwa wamejaa, wanaimba. Nikaufunga. Nikajiambia nitamwambia kesho, watu wakipungua. Kesho yake aliweka sanduku lake la vifaa nyuma ya mlango wa jikoni, akasema hatalihitaji tena, akaondoka. Tukasikia anabeba saruji ghalani, upande wa pili wa mji. Hakurudi nyumbani. Ukimpigia simu anajibu kwa heshima, maneno manne matano, anakata.

Miezi minane ilipita hivyo. Kila nikisali nilimwomba Mungu amtue mwanangu ule mzigo, na mimi ndiye niliyemtwisha. Nilikuwa napiga magoti kwa utulivu kabisa. Wenzangu kwenye ibada walisema wanatamani imani kama yangu.

Binti yangu, kitinda mimba, anafundisha watoto wadogo na anakaa nami. Vidole vyangu vilipoanza kuvimba viungo aliniambia sababu ya kuosha kwa mkono haipo, mashine ipo. Nikasema mbovu. Ni kweli, ukiiwasha ilikuwa inavuma tu, haiingizi maji. Akasema mbovu hutengenezwa. Bila kunishauri akaita fundi.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, anatumia mkono wa kushoto, miwani kaifunga kamba nyuma ya shingo. Aliniamkia, akaiwasha mashine, akaisikiliza kama daktari. Akasema inatoa maji ambayo haina. Akaizima, akaivuta nje, akafungua bati la ubavuni, skrubu akazipanga kwenye kifuniko cha mkebe kwa mfuatano aliozitoa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mzee.

Alituita tuone. Chini kabisa ya mashine kuna sinia la bati, na ndani yake kuna kidude chepesi kinachoelea. Alitueleza kwamba maji yakivuja yakafika hapo, kidude kinanyanyuka, na mashine inagoma kuingiza maji mengine, inabaki kutoa tu. Hiki kilikuwa kimeganda juu. Kilikuwa kimeshikwa na ukoko mweupe. Fundi akaukwangua kwa ukucha, akaunusa, akaulowesha kidogo kwa maji. Ukatoa povu kidoleni mwake.

"Mama," alisema, "hapa kuna mtu alitia sabuni ya maji, ile ya kuoshea kwa mkono. Povu likatoka mlangoni, likashuka hadi huku, likakauka."

Binti yangu akamtazama. "Kwa hiyo siyo kile kiungio cha kaka?"

Fundi akapitisha kidole chini ya kiungio, akakiangalia kwa tochi, akatuonyesha kidole kikavu. Akasema kiungio kile hakijawahi kutoa hata jasho, sembuse kuvuja, na aliyekifunga angependa kufanya naye kazi. Kisha, kwa kutaka kutupoza, akasema kosa la sabuni hutokea katika nyumba nyingi, huenda ni mgeni au mfanyakazi.

"Hatuna mfanyakazi," binti yangu alisema. Nikaona anawaza. Machozi yakaanza kumtoka huku anatabasamu. "Ni baba. Alikuwa hapa peke yake. Masikini baba yangu, na vile alivyojifanya mtaalamu."

Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu, mpana. Ningenyamaza tu. Koleo angepona, binti angepona, na marehemu hana cha kujibu. Nilimwona mzee akigeuza sahani yangu kimyakimya.

"Siyo baba yako," nikasema. "Ni mimi. Nilitia sabuni, nikaenda kusali. Na nilijua."

Fundi aliinamisha kichwa, akaanza kuhesabu skrubu zake ambazo zilikuwa hazijapungua. Binti alikaa sakafuni pale pale. Kisha akachukua simu ampigie kaka yake. Nikamshika mkono. Nikamwambia jambo hili halipiti kwenye simu, nitakwenda kwa miguu yangu.

Ghala lile lina lango la bati na vumbi la kijivu mpaka kwenye majani ya miti. Nilimtambua Koleo kwa mwendo tu, maana wote walikuwa na rangi moja. Alikuwa na gunia tupu kichwani na mfuko wa saruji juu yake. Aliponiona aliutua.

"Shikamoo mama. Nani amefariki?"

"Marahaba. Hajafariki mtu."

Nilimweleza tukiwa tumesimama. Sikulia, kwa sababu kulia kungekuwa kumwomba anibembeleze. Nilianza na vidonge kuisha, nikaenda hadi kwenye chupa niliyoitupa, nikamaliza na ukoko alioukuta fundi. Alinisikiliza huku anajifuta mikono kwenye suruali, mmoja baada ya mwingine, na haikuwa ikitakata.

"Siku ile nimepiga magoti jikoni," alisema, "ulikuwa nyuma yangu."

"Nilikuwa nyuma yako."

"Ulinisikia nilivyosema."

"Nilikusikia, mwanangu."

"Miezi minane, mama."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi naota maji," akasema. "Kila nikilala. Nafunga bomba, na maji yanatoka."

Msimamizi alimwita. Koleo akaunyanyua mfuko wake, akaenda. Mimi nikakaa kwenye jiwe nje ya lango hadi walipofunga kazi. Walitoka kwa makundi wakitaniana. Yeye alitoka wa mwisho. Alinipita hatua tatu, akasimama, akarudi akachukua mkoba wangu, kama nilivyomlea. Tulitembea bega kwa bega hadi barabara kubwa. Pale akanirudishia mkoba kwa mikono miwili.

"Ufike salama, mama," akasema, akageuka.

Sikumfuata. Nilitaka kumwambia anisamehe, na neno lenyewe lilikuwa mdomoni, lakini niliona siku hiyo nimekwenda kumpa, sikwenda kumwomba.

Wiki tano zikapita. Binti alirudi kuzungumza nami polepole, kwanza mambo ya unga na umeme, kisha mengine. Mashine ilikuwa nzima. Vidonge alivinunua yeye, akaviweka kwenye mkebe juu ya sinki mahali ambapo huwezi kutoviona. Mimi sikuiwasha. Niliendelea kuosha kwa mkono, na vidole vikiuma niliviacha viume.

Kwenye ibada nilisimama mbele ya wenzangu nikasema nilichofanya. Wengine walilia nami. Wengine wamebadilisha mahali pa kukaa. Siwalaumu.

Siku ya ibada iliyofuata nilirudi nyumbani nikamkuta binti amekaa mlangoni, mikono mapajani. Akaniambia kaka alikuja. Alibisha hodi kama mgeni. Alipita moja kwa moja jikoni, akalala chali sakafuni, akatandaza karatasi chini ya kiungio. Vyombo vyangu vya asubuhi vilikuwa kwenye sinki, akavipanga ndani, akatia kidonge, akawasha. Akavuta kiti cha baba yake akakaa mbele ya mashine mpaka mwisho, muda wa saa mbili hivi, hakunywa hata maji. Kisha akaivuta ile karatasi. Binti alisema aliishika muda mrefu, akiigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Akachukua sanduku lake, akaenda.

"Ameniulizia?" nikasema.

Binti alitazama chini. "Hapana, mama. Alijua uko ibadani. Nadhani ndiyo maana alikuja saa ile."

Niliingia jikoni. Nyuma ya mlango, pale sanduku lilipokuwa, sakafu ilikuwa na umbo la pembe nne, safi, na vumbi pembeni yake pande zote. Nilifungua mashine. Mvuke ukanipiga usoni. Sahani mbili, vikombe viwili, sufuria ndogo, bakuli, vyote vikiangalia upande mmoja.

Nilivitoa kimoja kimoja, nikavipangusa, ingawa havikuhitaji. Vilikuwa vimetakata.