Mapengo ya Kutaja Majina

Mtangazaji aliniuliza swali jepesi, nami nikadanganya.

"Yunuén," alisema, "kila mtu anazungumzia yale mapengo. Wimbo unakwenda, mdundo umekolea, besi inaguruma, mara kimya! Mapigo manne hakuna kitu. Halafu wimbo unaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Mmeyatoa wapi haya?"

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na tulikuwa hewani. Fabricio, mwenzangu katika kundi letu la watu wawili, alikuwa amekaa kando yangu na miwani yake ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliopita, na maneno ya darasani yalikuwa bado yamenijaa kinywani, yanasubiri mahali pa kumwagika.

"Ni kimya cha jiji," nikasema. "Jiji la mashine. Kwa sekunde mbili mashine inasimama na kujiuliza kwa nini inafanya kazi."

"Mwili umenisisimka," alisema mtangazaji, akajishika mkono. "Na besi je? Ina harufu ya zamani, ya miaka ile ya themanini, tisini. Mlikopi kutoka wapi?"

"Hatukukopi. Tuliitunga wenyewe, noti kwa noti."

Fabricio alitikisa kichwa kukubali. Yeye hakujua. Mimi nilijua.

Ukweli ulikuwa ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati la nyumbani kwetu Neza, kitongoji cha pembezoni mwa jiji. Mlikuwa na disketi ishirini na mbili, kila moja ina karatasi yenye mwandiko wa baba yangu. Baba, Eleazar Cisneros, alipiga kinanda kwenye bendi ya sherehe kwa zaidi ya miaka ishirini: harusi, ubatizo, wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano. Bendi ilianza na watu saba, ikabaki na watano, mwishowe akabaki yeye peke yake na kinanda kilichomeza disketi na kupiga besi na ngoma bila mtu. Kinanda nilimwomba, akasema, "Chukua, kinakula vumbi tu." Disketi sikumwomba. Nilizichukua.

Albamu yetu, iliyokuwa bado inasikika mtandaoni tu, ilikuwa na nyimbo kumi, na sita zilisimama juu ya disketi zile. Juu yake sisi tuliongeza vyetu: sauti yangu iliyopitishwa kwenye mashine hadi ikawa kama roboti aliyependa asipopendwa, makofi makavu kama mbao mbili zikigongana, milio ya michezo ya televisheni ya zamani, kinanda cha kanisani katikati ya bolero ya mapenzi, mdundo wa kumbia unaoburuta miguu. Gazeti moja liliandika kwamba tumeokota vitu vya zamani kama mtu anayezunguka mnadani, kisha tukavifundisha kucheza tekno. Walichokuwa wakikisifu ni Jumamosi za baba yangu.

Na nisieleweke vibaya. Niliupenda muziki ule, naupenda hadi leo. Niliamini kwamba sauti za kumbi zile zenye viti vya plastiki vilivyofungwa utepe zinastahili kusikilizwa na watu wanaovaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Ndiyo sababu nilizichukua. Lakini kipaza sauti kiliponijia mdomoni, viti vya plastiki ndivyo nilivyovionea aibu. Niliposhuka ngazi za redio nilikuwa tayari naionea aibu aibu yenyewe.

Nilifika nyumbani mchana. Redio ya jikoni ilikuwa bado inaimba. Baba alikuwa amesimama mbele ya jiko, anakoroga supu ya tambi, taulo begani.

"Karibu, mashine inayojiuliza," alisema bila kugeuka.

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Umesikia, Baba."

"Mtaa mzima umesikia. Mama wa duka la mikate, Doña Chelo, aliongeza sauti hadi mbwa wakabweka. Akaniuliza, 'Don Eleazar, hii si ile ya harusi ya Lupita wangu?' Nikamwambia, hapana, mama, hiki ni kimya cha jiji."

Akacheka. Angenitukana ingekuwa nafuu.

"Kaa, kula," alisema, akaniwekea sahani na ndimu iliyokatwa. "Sasa niambie. Yale mapengo, unajua ni ya nini?"

"Sijui."

"Hujui, na umewaeleza watu redioni! Kweli chuo kimekusaidia."

"Baba, samahani."

"Ngoja kwanza. Ni ya majina. Watu wanacheza, mimi nasimamisha kinanda, nashika kipaza sauti: 'Makofi kwa wasimamizi wa keki, familia ya Olvera!' Mapigo manne, watu wanapiga makofi, muziki unarudi. Tena, 'Wasimamizi wa pete!' Tena, 'Msimamizi wa vinywaji, yule pale, msimwache aende peke yake na chupa!' Msimamizi ndiye mlipaji: amejinyima ili mtoto wa jirani apate keki ya ghorofa tatu. Usipomtaja mbele za watu, umemla bure."

Nilianza kuhesabu. Katika nyimbo sita kulikuwa na mapengo kama ishirini. Yote niliyaacha matupu, kisha nikaenda redioni kuusifia utupu.

"Santuri zinachapwa Jumatatu," nikasema. "Jalada bado linaweza kubadilishwa. Nitaandika jina lako, Baba. Kubwa, mbele: muziki wa Eleazar Cisneros. Na nitasema hadharani."

Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimekwisha kujiona nikimkabidhi santuri, yeye akifuta macho kwa taulo lile. Lakini aliweka tortila yake, chapati ya mahindi, kwenye sahani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Besi si yangu."

Akazima redio. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akizima redio wakati wa kula.

"Tulikuwa na mpiga besi, Nicandro Tapia. Miaka kumi na mmoja pamoja. Nilipopata kinanda cha disketi nikamwita hapa, kwenye meza hii. Nikamwambia, kaka, nipigie nyimbo zote polepole, nataka kujifunza. Akapiga siku mbili. Mkewe alituletea tamale, zile za unga wa mahindi zilizofungwa kwenye maganda. Yeye anapiga, mimi naingiza noti kwenye mashine, moja moja."

"Halafu?"

"Halafu nikamwambia harusi ya Jumamosi imeahirishwa." Alikuwa anaangalia ndimu, haniangalii mimi. "Haikuahirishwa. Na yeye akawa anapita njia ile kwa shughuli zake. Akasikia besi yake inapigwa ndani ya ukumbi. Akaja hadi mlangoni, akasimama. Mimi nilimwona. Niliendelea kupiga."

"Mlizungumza?"

"Miaka ishirini na sita hatujazungumza. Lile pengo la mwisho, kila wimbo, lilikuwa la wapigaji. 'Na kwenye besi, Nicandro Tapia!' Nilishindwa kulifuta. Nikifika pale nilikuwa nakunywa maji." Akanyanyuka na sahani yake ambayo haikuwa imeisha. "Kwa hiyo jina langu peke yake usiliandike. Utakuwa umeniibia disketi, kisha umenisaidia kumwibia mwenzangu mara ya pili."

Jioni ile nilimpigia Fabricio nikamweleza yote. Alisema, "Yunuén, tutaonekana kundi la harusi."

"Sisi ni kundi la harusi, Fabri. Ila harusi yenyewe hatukualikwa."

"Usinitanie. Nilikaa pale nikitikisa kichwa kama kondoo!"

"Najua. Nisamehe. Hilo pia ni langu."

"Jumatatu asubuhi nataka majina," alisema hatimaye. "Yaliyoandikwa vizuri. Na huyo mzee akubali, maana mimi sitaki kesi."

Kwa hiyo Jumamosi tulikwenda mji wa Texcoco, mimi na baba, kwa gari lake. Doña Chelo ndiye aliyejua Nicandro alipo. Doña Chelo hujua kila kitu. Nicandro alikuwa anachonga funguo kwenye kibanda kidogo nje ya soko. Tulipofika baba alisimamisha gari ng'ambo ya barabara, asizime injini.

"Nenda wewe," alisema. "Kijana husamehewa haraka."

"Baba!"

"Nenda, nimesema. Mimi naangalia gari."

Nilivuka. Kibandani mashine ilikuwa inapiga kelele, na nyuma yake aliketi mwanamume mwenye mvi nyingi na vidole vinene, ameinamia ufunguo.

"Ufunguo wa nini, binti?"

"Sikuja kwa ufunguo, don Nicandro. Mimi ni binti wa Eleazar."

"Eleazar yupi? Nawajua wawili. Mmoja alishakufa, na mwingine ningefurahi afe."

"Huyo wa pili."

Alizima mashine. Soko zima likasikika ghafla, muuza parachichi, muuza mifuko. Nilimweleza, vibaya, nikianzia katikati na kurudi mwanzo, nikitaja disketi na albamu na Jumatatu. Nilipoishiwa, nikampa simu na vile vya kuvaa masikioni, nikamchezea wimbo wa pili.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kutembea kwenye ukingo wa meza, juu, chini, juu. Pengo la kwanza lilipofika, vidole vilisimama hewani, vikasubiri mapigo manne, vikashuka pamoja na muziki bila kuchelewa hata chembe.

"Nani huyu anaimba kama jokofu?"

"Mimi, don Nicandro."

"Pole." Akavua vile vya masikioni. "Amekosea."

"Nani?"

"Baba yako. Noti ya nne, pale inapopanda. Mimi sijapiga hivyo maishani mwangu. Kumbe miaka yote hii anazunguka na noti ile kumbi zote, na watu wanadhani ni mimi!"

Sikumwambia kwamba gazeti liliisifu noti ile ile, likaiita kidonda kitamu cha wimbo. Niliona heri ninyamaze. Ilikuwa mara yangu ya kwanza wiki ile.

"Naomba ruhusa," nikasema. "Niandike kwenye jalada kwamba besi ni ya Nicandro Tapia."

"Pamoja na noti hiyo?"

"Tunaweza kuirekebisha. Au… unaweza kuja kuipiga mwenyewe."

Alinitazama kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu, kama anavyopima ufunguo na kufuli. "Unapenda kweli muziki huu, au unapenda kusifiwa?"

Jibu zuri lilinijia mara moja, nikaliogopa kwa jinsi lilivyokuwa zuri. "Vyote viwili," nikasema.

"Angalau umesema kweli." Alichukua kitambaa akafuta unga wa shaba vidoleni. "Sikiliza. Wewe umeiba kutoka kwa mwizi, kwa hilo mimi na wewe hatuna kesi kubwa. Lakini nilisikia redio Alhamisi. Nilikuwa hapa hapa. Niliitambua besi yangu, nikazima mashine, nikasema, sasa watanitaja. Nikakusikia na jiji lako linalojiuliza." Akakunja kitambaa. "Kesi hiyo si ya baba yako. Hiyo ni yako peke yako."

Masikio yaliniwaka. Nilisimama tu pale, watu wakinipita na mifuko yao.

"Na mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

Macho yangu yalivuka barabara kabla sijayazuia. Aliliona gari, akaona kofia ya baba nyuma ya kioo.

"Bado anaunguza petroli bure. Mwambie aje mwenyewe. Ruhusa yangu sitoi kwa mtoto aliyetumwa."

Nilirudi. Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama vile anaendesha.

"Amesema nini?"

"Amesema uende mwenyewe."

"Ana hasira?"

"Ndiyo."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani ataweka gia tuondoke. Nilifikiria Jumatatu, jalada, Fabricio, na nikaona jinsi ilivyo rahisi kwa aibu moja kukaa miaka ishirini na sita ndani ya mtu, ikila naye, ikilala naye, bila kumuua.

"Na amesema noti ya nne umekosea," nikaongeza.

Kichwa kikanyanyuka. "Ipi?"

"Wimbo wa pili. Inapopanda."

"Nimekosea? Mimi?" Akazima injini. "Alipiga vile vile! Nilikaa naye siku mbili! Alikuwa anapiga na tamale mkononi, alitaka itoke noti gani?"

Alishuka akauacha mlango wazi, akavuka barabara bila kuangalia pande zote mbili, pikipiki ikampigia honi. Kutoka garini nilimwona akifika kibandani na kusimama. Mdomo uliokuwa umefunguka tayari kwa ugomvi ukafumba. Akavua kofia. Nicandro hakuinuka. Mmoja amesimama, mmoja ameketi, na mteja aliyeshika ufunguo wake hajui amkabidhi nani. Kisha baba akasema kitu, kifupi, nami sikukisikia, na sikustahili kukisikia.

Nilichukua simu nikaanza kumwandikia mtangazaji. Niliandika, "Kuhusu mahojiano yetu, kulikuwa na kutoelewana kidogo." Nikafuta. Niliandika, "Ningependa kufafanua jambo." Nikafuta hilo pia. Ng'ambo ya barabara sauti zilikuwa zimepanda. Nicandro alikuwa anaimba ile besi kwa mdomo, kwa hasira, akigonga meza, na baba anaimba ya kwake juu yake, na zilitofautiana kwa noti moja tu.

"Nilidanganya hewani," niliandika. "Naomba dakika tano Alhamisi ijayo nitaje majina ya watu." Uso uliniungua nilipousoma ujumbe ule. Niliutuma hivyo hivyo, nikashuka kwenda kufunga mlango wa gari.