Barafu ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ni meneja wa kiwanda cha kuku, na tangu apewe cheo hicho haongei tena na watu, anatangaza. Watoto kumi na mmoja wa shule moja walipolazwa kwa kuharisha damu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtaja mkosaji: mpishi wa shule. Mikono michafu, alisema. Mwalimu mkuu, ambaye hukubaliana na yeyote aliyevaa tai, akamsimamisha kazi mama wa watu siku hiyo hiyo.

Mpishi alikuja kupimwa kwenye maabara yetu akiwa ameificha mikono kwapani kama ya wizi. Amepika pale miaka kumi na tisa. Aliniuliza kama ni kweli nusura aue watoto. Nilimwambia avute subira, na niliona aibu kusema neno jepesi namna ile.

Kazi yangu haina porojo. Tunaotesha bakteria kutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, tunatoa vinasaba vyake, na mashine inavichora kwa mistari. Bakteria wa ukoo mmoja wana mistari ile ile, na mistari haijui meneja ni nani. Watoto wote kumi na mmoja walitoa mchoro mmoja. Mpishi hakuwa na bakteria huyo, si tumboni, si chini ya kucha.

Wakabaki kuku. Siku chache kabla watoto hawajaugua, walifika shuleni wabichi kwa gari la kiwanda, mifuko yao imetupwa juu ya kabichi, ikavuja, na kabichi ikaliwa bila kupikwa. Lakini mifuko ilishatupwa na kuku walishaliwa, kwa hiyo tukataka wengine kutoka kiwandani. Badala ya kumsubiri mkaguzi aje kuwachukua, Shemeji akawaleta mwenyewe, ananukia marashi, ati anatuokolea safari.

Walikuwa watatu, ndani ya mifuko mipya, weupe kuliko shuka za hospitali, wananuka dawa ya kusafishia vyoo. Sijawahi kuona kuku aliyeogeshwa kama bwana harusi. Boksi lilijaa barafu, na hapo Shemeji akajisifu kwamba hakununua hata kipande: aliichota kwenye tangi la kiwandani, lile la kupozea kuku waliochinjwa.

"Pimeni," alisema, "halafu yule mama afukuzwe kabisa."

Akaondoka akiongea na simu. Kuku wake walikuwa safi, bila shaka. Ila barafu iliyeyuka. Mtu mzima, mwenye ofisi na katibu muhtasi, anasugua kuku asubuhi nzima ili afiche uchafu, kisha anatuletea uchafu wenyewe boksi zima, na kujisifu juu. Nilichota yale maji mkuu wa maabara akiwa ananitazama. Baada ya siku kadhaa mchoro ulitoka, na kwa kuwa mimi ni ndugu, mkuu aliukagua yeye, mstari kwa mstari, akipitisha kidole. Ulikuwa ule ule wa watoto.

Jumamosi asubuhi dada alikuja kwangu. Alisema navunja nyumba yake, kwamba ripoti inaweza kuandikwa "chanzo hakijulikani" na dunia isianguke, kwamba nimemchukia mumewe tangu siku ya harusi. Nilikubali hilo la mwisho. Kisha nikamuuliza angesema nini kama mmoja wa wale kumi na mmoja angekuwa mwanawe.

"Wangu hawawezi kuugua," alijibu, akitafuta leso mkobani. "Kuku wa kiwandani haingii jikoni kwangu. Baba watoto alikataza tangu mwaka juzi."

Mkono ulibaki ndani ya mkoba. Nilimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nilimhurumia.

"Ripoti ilishatumwa jana," nikamwambia. "Mpishi anarudi kazini Jumatatu. Twende wote, ukamwambie hilo la mwaka juzi."