Kipande Kilichoangukia Alizeti

Usiku wa kuamkia leo niliota kile kipande kilichoanguka kutoka angani kimevaa koti langu la maabara, kinanisubiri mlangoni.

Kipande chenyewe kipo kweli. Kilidondoka juma lililopita kwenye shamba la alizeti nje ya Singida, na hakuna ajuaye kilibanduka kwenye chombo gani. Mkuu wetu wa maabara akampa Kokushubila akipime. Mimi Siwema, niliyeizoea mashine ile ya kuchunguza asili ya vitu kabla Koku hajajua inawashiwa wapi, nikapewa kuosha vyombo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mwenyeji hapa hakupona. Wivu ulinijaa hata chai nikaiacha ikapoa.

"Umechelewa, dada," kipande kinaniambia ndotoni. "Nilitaka unipime wewe."

Moyo wangu unafurahi mno. Nakibeba hadi kwenye mizani. Mizani inakohoa.

"Kanuni ni ileile," inasema. "Kwanza tunapima kitupu. Panda."

Ni kweli, ndivyo tufanyavyo kila siku: kisahani hupimwa kikiwa kitupu, ndipo kitu kiwekwe juu yake. Sioni la kubisha. Navua viatu, napanda. Haisomi sifuri. Navua saa, navua hereni, natema hata karafuu niliyokuwa naitafuna. Bado. Uzito wa mwili wangu haikuuhesabu, nadhani kwa heshima.

"Wewe si mtupu," inasema mizani.

"Sina kitu tena."

"Una kijicho. Hukihisi kwa sababu ng'ombe haelemewi na nunduye."

Naingiza mkono kifuani, nakitoa. Ni kidogo kama andazi, cha moto, na kinanukia karafuu. Kwa kuwa sikuwa na pa kukiweka, nikakitia kwenye mashine pamoja na kile kipande cha angani. Mashine ikachora mistari miwili, na yote miwili ilipanda na kushuka mahali pamoja.

"Asili moja," ikasema mashine. "Hongereni, ni ndugu."

Hapo maabara ikawa shamba, na alizeti zote zimeniangalia mimi.

"Nilitoka kifuani mwa fundi wa huko juu," kipande kinanisimulia. "Alikiunda chombo kwa mikono yake, kisha mwenzake akapewa kukirusha. Yeye akasimama kukitazama kikipaa. Akakitazama, akakitazama, mpaka nikamtoka nikaenda kukigonga."

"Na huyo mwenzake?"

"Bado anaanguka."

Alizeti zikainua vichwa, nami nikainua changu. Aliyekuwa anashuka polepole, na glavu zake mikononi, alikuwa Koku. Akanipungia.

"Shikamoo, dada Siwema!"

Nilitaka kumdaka. Nilitaka pia asidakwe. Hilo la pili lilinitia aibu, lakini lilikuwepo. Nikaitikia marahaba, mikono nimeiweka nyuma, nikazinduka.

Simu ilikuwa inaita. Jua limeshapanda, na ni Koku, mzima, yuko kazini.

"Shikamoo, dada. Samahani, eti jana jioni si tulifungia kabatini kipande kimoja?"

"Marahaba. Kimoja."

"Mbona leo viko viwili? Hiki cha pili kidogo tu, halafu bado cha moto. Na kinanukia karafuu, dada, wallahi."

Nikajigusa kifua. Kilikuwa chepesi, sikumbuki lini kilikuwa chepesi hivyo.

"Usikiguse," nikamwambia. "Nakuja."

"Aa, usijisumbue. Mkuu amesema nikipime mimi. Nimeshakitia kwenye mashine."

Nikakaa kitandani na simu mkononi. Hata kijicho changu mwenyewe, wa kukipima ni yeye. Nikahisi palepale nilipokitoa panaanza kupata moto upya.