Chakula Huonjwa na Aliyekileta

Usiku wa jana niliota niko kwenye foleni ya gerezani, na foleni yenyewe imeanzia chumbani kwangu. Miguu yangu ilikuwa bado chini ya shuka. Mbele yangu walisimama watu wenye vikapu, na mbele yao, pale lilipo kabati langu, kulikuwa na geti.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Mimi ni fundi cherehani, nikilala nimelala. Lakini mdogo wangu Shomari yuko mahabusu kwa kesi ya pikipiki. Yeye anasema aliazimwa, mwenye pikipiki anasema aliibiwa, na hakimu anasema tuje tena siku nyingine. Mara ya kwanza tulipokwenda kumwona, mimi na Mama, alitoka. Alisimama nyuma ya wavu akatutazama, hakusema neno, halafu akarudi ndani kabla muda haujaisha. Tangu siku hiyo kila Jumamosi askari anaingia kumwita na anatoka peke yake.

"Kagoma," anasema.

Basi tunarudi na hotpoti yetu nzito vilevile kama tulivyokwenda nayo. Jumamosi iliyopita Mama aliifungua uani, akawamwagia kuku wa jirani wali wa nazi, akasema wali hautapikwa tena katika nyumba hii. "Mwanangu kanichoka," alisema. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Wiki nzima tumekula ugali, na Mama akimega matonge mawili anadai ameshiba.

Hayo ndiyo niliyolala nayo.

"Jina?" lilisema geti. Sauti yake ilikuwa na kutu.

"Zamoyoni."

"Umekuja kumwona nani?"

"Shomari. Mdogo wangu."

"Acha hapa chuma chote. Simu, hereni, funguo. Na hasira."

"Hasira si chuma," nikasema.

"Yako ni chuma. Naiona hapo begani."

Nikapapasa. Kweli, begani nilikuwa nimening'iniza pasi ya mkaa, ile ya kibandani kwangu, na mkaa wake unawaka. Sijui nilikuwa nimeibeba tangu lini. Nguo yote ya upande ule ilikuwa imeungua na mimi sina habari. Nikaiweka mezani. Askari wa kike aliyekaa pale akaifunga kikaratasi chenye namba, kama anavyofanya kwa simu za watu.

"Utaichukua ukitoka," alisema. "Wengi huwa wanasahau."

Halafu akachungulia kikapuni. "Na hicho kijiko kinabaki."

Kilikuwa kijiko cha Mama, kile cha zamani kilicholika upande mmoja kwa kukwangua sufuria. Sikumbuki kukitia kikapuni.

"Mimi sibaki," kilisema kijiko. "Nimekuja kumwona mtu."

Askari hakushangaa. Alishika kalamu. "Uhusiano wako na mahabusu?"

"Nilimfundisha kula."

Askari akafikiri kidogo, akaandika: mlezi. Tukapita wote wawili.

Ndani kuna benchi la kusubiria, na kwenye benchi amekaa mwanamume nusu. Ana mkono mmoja, sikio moja, kiatu kimoja, na shati ambalo limeishia kwenye kifungo cha tatu. Nywele zake zina mvi, kwa hiyo namwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Upelelezi," anasema. "Wa kesi ya pikipiki."

"Kumbe ndiye wewe! Kila tukienda mahakamani tunaambiwa hujakamilika."

"Sijakamilika," anakubali bila aibu yoyote. "Mguu wangu wa kulia uko likizo. Sikio limepelekwa mkoani kutiwa saini."

"Sasa mdogo wangu akae humu mpaka sikio lirudi?"

"Mwanangu, unadhani mimi napenda kuvaa kiatu kimoja?"

Nilitaka kumpa maneno yake, lakini pasi nilikuwa nimeiacha getini na sikupata pa kuanzia. Nikamtazama tu. Kola yake ilikuwa imekunjika vibaya, na jicho la fundi halivumilii, kwa hiyo nikainyoosha. Akashukuru. Akasema tangu afunguliwe hakuna mtu aliyemgusa.

Askari akatoka ndani. Nilimjua, ndiye yuleyule wa kila Jumamosi, kwa namna alivyokuwa anatazama viatu vyake.

"Kagoma," akasema.

Hata ndotoni, jamani. Mtu anaota, amekuja na miguu yake mpaka kwenye ndoto, na bado anaambiwa kagoma. Nikajitwisha kikapu nigeuke nirudi kitandani.

Ninageuka, na ukuta wa nyuma yangu si ukuta tena. Ni jiko letu la zamani, lile la makuti nyuma ya nyumba, lililobomoka kabla Shomari hajamaliza shule. Moshi wake ni uleule. Mafiga ni yaleyale. Ila katikati ya jiko pamepita wavu mara mbili, na baina ya wavu na wavu kuna nafasi ya mtu kupita. Upande wa pili Shomari amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Ana ndevu za sasa na magoti ya zamani, yale yenye makovu ya kuanguka na baiskeli.

"Si umegoma?" nikamuuliza.

"Nimegoma kutoka," akasema. "Sijatoka. Niko nyumbani. Shikamoo Dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Na wewe umenenepa."

"Ugali huo."

Askari akaingia katikati ya nyavu mbili, akanikabidhi vifaranga kwenye kitambaa. "Dakika zako hizi," akasema. "Zikiisha, umeisha." Kabla sijawahesabu mmoja akaruka, akapita chini ya wavu, akaenda zake.

"Haya, onja," akasema askari.

Sheria hii naijua. Imebandikwa ukutani na kila anayekuja anaambiwa: kila kinachoingia huonjwa kwanza na aliyekileta, mbele ya askari, ili ijulikane hakina kitu kibaya. Nikafungua hotpoti. Upande wa pili Shomari aliacha kukuna nazi, akageuza uso ukutani.

Lakini ndani ya hotpoti, juu ya wali, kulikuwa na vifurushi vidogo vya majani ya mgomba ambavyo si mimi niliyevifunga.

"Hizo ni salamu zako," askari akasema. "Nazo zinaonjwa."

Nikafungua cha kwanza. Ndani yake mlikuwa na maneno: Mama anakonda kwa ajili yako. Nikayatia mdomoni. Mungu wangu! Mwarobaini ni sukari mbele yake.

"Haya ulikuwa umpe?" askari akauliza.

"Nilikuwa nimempangia."

"Meza au tema."

Nikatema kwenye ndoo. Kifurushi cha pili kilisema: Mwanamume gani anamkimbia mama yake? Hicho kilikuwa na mchanga, ukitafuna unasikia mpaka kwenye kisogo. Nikatema. Cha tatu sikukifungua kabisa, nilikijua kwa harufu. Wiki zote hizo, barabarani na mbele ya cherehani, nilikuwa nayapika maneno haya nikidhani ni ya kumrudisha. Sikuwahi kuyaonja.

Hotpoti ikabaki na wali peke yake. Nami nikabaki na swali moja ambalo halikuwa limefungwa na chochote.

"Shomari," nikasema, "kwani tumekukosea nini?"

Hakugeuka. Kifaranga mwingine akaondoka. Alipozungumza, alizungumza na ukuta.

"Nilimwona Mama."

"Lini?"

"Siku ile ya kwanza. Mmesimama hapo hapo. Askari anamwambia onja, na Mama anaonja. Mama yangu, Dada! Mama ambaye hali mbele ya wageni. Akienda harusini anafungiwa chakula chake aje akile nyumbani. Leo kasimamishwa kama mwizi, anatafuna huku mtu anamkodolea macho aone kama kamwekea mwanawe sumu. Mikono inamtetemeka mpaka wali unadondoka." Akavuta pumzi. "Nikasema basi. Nisipotoka, chakula hakifunguliwi. Kisipofunguliwa, Mama haonji. Nitakula maharage ya humu mpaka siku wakichoka wao."

Nilikuwa nimesimama pembeni ya Mama siku hiyo, na nilichokiona mimi ni foleni tu, na jua, na saa ya kurudi kibandani. Nilimpenda sana mdogo wangu wakati ule.

"Umemaliza?" kikauliza kijiko.

Shomari akageuka. Alikitambua mara moja. "Wewe!"

"Mimi. Sasa nisikilize, maana dakika za dada yako zina miguu. Ulipokuwa huna jino hata moja, unadhani uji ulikuwa unatoka sufuriani unakuja moja kwa moja kwako? Nilikuwa naanzia kwa mama yako. Anapuliza, anaonja, ndipo ananileta kwako. Ulipougua surua, ile dawa chungu aliilamba yeye kwanza, mbele yako, akajifanya tamu. Mpaka leo, ukila mchuzi wa nyumba ile, ujue mimi nimeshapita kinywani mwake. Huyo afande kasimama hapo anadhani yeye ndiye anayemwamrisha. Kamkuta kazini."

Askari akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Na mikono?" akasema Shomari. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mbona inatetemeka?"

"Ni umri, bwana mdogo. Mwaka wa pili huu. Ungekuwa unakaa jikoni badala ya kijiweni ungeshaiona."

Nikacheka. Shomari naye akacheka, halafu cheko lake likakatika katikati, akafuta macho kwa mkono wenye chembe za nazi. Chembe zikabaki kwenye nyusi. Wala hakujificha.

"Onja basi, Dada," akasema. "Nina njaa."

Nikachota wali, nikapuliza, nikaonja. Yeye safari hii aliniangalia mpaka nikameza. Kijiko kikapita wavu wa kwanza, askari akakipokea akakipitisha wa pili, kwa uangalifu mkubwa, mkono mwingine akiwa ameukinga chini usidondoke wali hata punje. Tukaenda hivyo hivyo, naonja anakula, naonja anakula, na vifaranga wanaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

"Chumvi imezidi kidogo," Shomari akasema mdomo umejaa. "Usimwambie Mama."

"Simwambii."

Tulipofika chini kabisa tukakuta ukoko. Utotoni tulipigania ukoko mpaka tukanyimwa wote wawili. Nikaukwangua, nikampa wote. Akaula nusu. Kipande kilichobaki akanirudishia kwenye wavu.

"Kinachotoka huonjwa na anayekitoa," askari akamkumbusha.

Akaking'ata pembeni. "Mpelekee Mama. Mwambie Jumamosi natoka. Mwambie aje yeye, aonje yeye."

Askari akakileta, nikakifumbata. Nikatazama kitambaa changu. Amebaki kifaranga mmoja tu, naye hakuwa kwangu. Alikuwa amevuka wavu, amepanda kwenye goti la Shomari lenye kovu, amelala.

"Dakika yangu ya mwisho ile," nikamwambia askari, nikimwonyesha.

Askari akaitazama. Akavua kofia. "Iacheni," akanong'ona. "Imelala."

Sote tukanyamaza ili tusiiamshe. Kwa mbali nikasikia geti likiita kwamba nimesahau pasi yangu, wenye pasi waje wachukue. Sikuitika.

Nikaamka. Palikuwa pameshakucha, Jumamosi, na kabati langu liko mahali pake. Mama alikuwa amekaa sakafuni jikoni anachekecha unga wa ugali, taratibu, mikono inatetemeka kidogo. Nikaketi karibu yake nikamwambia kila kitu: geti, mzee nusu, jiko la makuti, Shomari na aibu aliyoiona kwa ajili yake. Nikamwambia kwamba anatoka leo. Habari ya chumvi niliiruka, nilikuwa nimekatazwa.

"Ndoto hizo," alisema Mama, akaendelea kuchekecha. "Watu wanaota wamekuwa mawaziri."

Hapo ndipo nikagundua kwamba tangu niamke nilikuwa nimekunja ngumi. Nikaifungua mbele yake. Kiganjani palikuwa na kipande cha ukoko, kikavu, kimeng'atwa pembeni.

Mama aliacha ungo. Wiki nzima sufuria ya wali ilikuwa imefunikwa juu ya kabati, na ufunguo wa stoo ya mchele anao yeye. Hakuniuliza nimeupata wapi. Aliuchukua kwa vidole viwili, akaupuliza, nao ulikuwa wa baridi, akautia mdomoni. Akafumba macho, kama afanyavyo akiwa jikoni.

"Chumvi imezidi," akasema.

Kisha akausukuma ungo pembeni, akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Sasa yeye alitaka aonje nani?" aliniuliza, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshaivuta mbuzi ya nazi.