Kipimo cha Breki ya Mbele

Saa saba na robo mchana fundi wa breki alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki ya saba, akiirudisha kalipa mahali pake. Kalipa ni ile taya ya chuma inayolibana diski la gurudumu, na ndani yake alikuwa ameshaweka pedi mpya za kulisugua diski. Aliingiza boliti mbili kwa vidole kwanza, maana boliti inayokataa vidole ina neno. Zikaingia. Akazikaza kwa spana, akaisukuma kalipa huku na huku kuona kama inateleza, akalizungusha gurudumu na kutega sikio. Hakukuwa na mkwaruzo. Kisha akauminya mkono wa breki mara nne, tano, sita, mpaka ukawa mgumu. Fundi anayesahau hatua hiyo humkabidhi mwenzake breki ya hewa tupu, na mwenzake hugundua akiwa mbele ya lori.

Kilibaki kipimo cha mwisho. Mtunza stoo, mama wa miaka hamsini na ushee, alipunguza redio, akavuta kiti, akamshika fundi kifundo cha mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia fundi akaibana breki, akaishikilia.

Breki ikiwa imekaa sawasawa, moyo wa fundi husimama. Akiiachia, unaendelea na shughuli zake. Jambo hilo lilianza mwaka wake wa pili kazini, siku ya Jumanne, bila taarifa. Daktari alimsikiliza kifua, akamwambia apunguze chumvi. Pale gereji walizoea ndani ya wiki moja. Kampuni ya kusambaza vifurushi, ambayo gereji ilikuwa yake, iliona ni jambo la manufaa, ikaongeza mstari kwenye fomu ya ukaguzi: Moyo wa fundi. Mbele yake palikuwa na visanduku viwili, umesimama na unadunda.

"Unadunda," mtunza stoo akasema.

"Najua, mama."

"Unadunda hasa."

Ilikuwa hivyo kwa zote saba. Pedi za shehena mpya zilikuwa na masikio mafupi, yale yanayozishikiza mahali pake, pungufu kwa unene wa kucha, kwa hiyo zilicheza ndani ya kalipa. Ukibana taratibu zinashika. Ukibana kwa nguvu mteremkoni zinalala upande na kushika kwa pembe moja tu. Jicho halikuona kitu na mkono ulidanganyika. Na hii ya saba ilikuwa ya mdogo wake, aliyemlea tangu ana miaka sita, ambaye sasa alikuwa amekaa kwenye benchi na helmeti yake mapajani, amesikia kila neno.

Meneja alifika akiwa na saa mkononi na fomu kwapani. Hakuwa mtu mbaya kwa kumtazama. Aliibana breki kwa vidole viwili.

"Mbona ngumu vizuri tu?"

"Pedi zinacheza, bosi. Si za kalipa hii."

"Na moyo?"

"Unadunda."

"Basi mshukuru Mungu, u mzima." Akatabasamu, kisha akaacha. "Za zamani ziko wapi?"

"Zimekwisha. Zilikuwa chuma kwa chuma."

"Sasa unataka watu wabebe vifurushi kichwani? Kabla ya saa nane viwe vimetoka."

Akaweka fomu mezani kwa mtunza stoo, akaenda zake ofisini. Mdogo mtu alisimama, akavaa helmeti, akapanda pikipiki. Fundi alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Shuka."

"Dada, nikishuka mimi, atapanda mwenzangu."

"Basi apande."

Aliona haya papo hapo kwa kulisema hilo, maana mwenzake mwenyewe alikuwa mlangoni anasikia. Lakini hakulifuta.

"Nitatumia ya nyuma," mdogo wake akasema. "Nitakwenda polepole."

"Mteremko ule hauna polepole."

"Niachie, dada. Wanaangalia."

Akamwachia. Akatoka naye hadi getini, akasimama hapo na mikono yake yenye grisi, hajui pa kuiweka. Barabara iliteremka moja kwa moja hadi makutano ambako malori ya kokoto yalikatiza mchana kutwa. Katikati ya mteremko taa nyekundu ya breki iliwaka, ikabaki imewaka. Pikipiki haikupunguza. Lori la kwanza lilipita. La pili lilipiga honi ndefu. Mdogo wake alishusha miguu yote miwili, akaiburuza kwenye lami, akapita kati ya bampa ya moja na tela la jingine mahali ambapo fundi aliapa baadaye kwamba hapakuwa na nafasi. Akaonekana anapanda upande wa pili, mkono mmoja juu, anampungia. Fundi alimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja, akashika nguzo ya geti.

"Unaona?" meneja akasema kutoka dirishani. "Amefika."

Ya nane ilikuwa inangoja. Fundi alinawa mikono, akaweka pedi, akaingiza boliti kwa vidole, akakaza, akazungusha gurudumu, akauminya mkono wa breki mpaka ukawa mgumu. Mtunza stoo akapunguza redio na kumshika kifundo. Fundi akaibana breki, akaishikilia.

"Unadunda, mama," fundi akasema. "Andika."

"Hakuna cha kuandika, mwanangu. Tazama."

Akamgeuzia fomu. Pikipiki zote nane zilikuwa zimekuja humo na alama tayari, kwa mashine, kwenye kisanduku kimoja: umesimama. Hata ile ya mdogo wake. Pengo lililobaki lilikuwa la saa ya kutoka tu, na mtunza stoo akalijaza bila kuinua macho, saa nane kasorobo, akarudisha sauti ya redio.

Mwendeshaji wa nane, yule aliyekuwa mlangoni, aliingia. Akamuuliza fundi kama breki iko sawa.

"Una viatu vya soli nene?" fundi akamuuliza.

Mwendeshaji akatazama miguu yake. "Viko nyumbani."

"Kesho uje navyo," fundi akasema, akasogea kumpisha.