Jezi Iliyomea Kifuani

Umma mtukufu wa Jericho, Kaloleni na viunga vyake unatangaziwa kwamba Chama cha Waendesha Baiskeli wa Alfajiri, kwa kauli moja, kimeilinda heshima ya jezi duniani kote.

Umma wenyewe, asubuhi hiyo, ulikuwa Aoko akikaanga mandazi mbele ya soko la Jericho, pamoja na paka.

Aliyeitikisa heshima hiyo ni Khavere, mpakiaji wa biskuti katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Alikuwa akienda kazini kwa baiskeli, peke yake, na malori ya barabara ile mtu mmoja hayamhesabu. Mwezi uliopita lori lilimtupa mwenzake mtaroni, na mpaka leo hajaweza kukanyaga. Kundi la chama hicho, likiongozwa na Bedan, hupita njia hiyohiyo kila alfajiri, na kundi malori hulikwepa. Khavere alitaka nafasi katikati ya kundi, basi.

Alikuja na jezi ya mtumba kutoka soko la Gikomba, ya samawati, yenye jina la benki ya ng'ambo kifuani. Bedan, mwenyekiti, aliitazama kama mtu aliyeona nzi kwenye chai.

"Dada, hiyo ni jezi ya timu ya wanaolipwa."

"Ilikuwa na joto, na ilinitosha."

"Haivaliwi hivi hivi. Na hizo soksi ni za nini?"

Odongo, aliyekuwa akipangusa mnyororo wake, alimfafanulia. "Ukiivaa halafu uende polepole, unaiaibisha timu. Ukienda kasi, unamwaibisha Chair."

"Si kesho nitaiacha nyumbani tu," Khavere akasema, kwani hakuwa mtu wa makuu.

Jioni jezi ilikataa kuvulika. Ukosi ulikuwa umeungana na shingo. Zipu ilishuka vizuri, lakini chini yake palikuwa na samawati tu. Muuguzi wa zahanati alimpima presha, akasema jezi imeshika vizuri, aipake mafuta kama kawaida. Mbu alimuuma kwenye herufi ya kwanza ya ile benki, pakavimba.

Asubuhi aliwaeleza. Bedan aliomba ruhusa, akabonyeza mkono wa jezi kwa kidole, akaona rangi ikipauka halafu ikirudi.

"Kweli imemea," alisema.

Hakuna aliyebisha. Odongo aliuliza kama inawasha wakati wa baridi. Haikuwa ikiwasha.

"Basi niwekeni katikati," Khavere akasema. "Hii ni ngozi yangu sasa."

"Tumekuelewa, dada. Lakini hata ngozi ina kanuni zake."

"Nikivaa sweta juu?"

"Sisi tutajua iko ndani."

Wakapiga kura. Khavere aliruhusiwa kuwafuata, mradi abaki nyuma kiasi kwamba mtu wa kando ya barabara asidhani ni mmoja wao.

Tangu hapo huenda hivyo. Kundi mbele, limelingana hadi soksi. Khavere nyuma, samawati yake ikitoka jasho. Kati yao panatosha lori moja, na malori yameshapajua. Juzi lori moja lilijipenyeza hapo, likamsukuma hadi kwenye ukingo wa mtaro. Jezi ilichanika begani, ikatoka damu, na sasa inafunga kigaga cha samawati. Bedan alisimamisha kundi, akampa pole, akauliza kama baiskeli iko sawa. Kisha kundi likaendelea, na Khavere akalisubiri litangulie kiasi kile kilichokubaliwa.

Aoko amelisoma tangazo langu leo akinifungia mandazi.

"Kauli moja?" akaniuliza. "Kwani wewe kijana, siku ya kura mkono wako ulikuwa wapi?"

Ulikuwa juu. Mimi huendesha katikati kabisa, nyuma ya Odongo, na hakuna lori lililowahi kunikaribia.