Unga Haukimbii

Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ililala kibuyuni kama maji ya kunawia, bila povu hata la kumlowesha nzi mguu. Wifi yangu Dafroza, aliyekuja kutoka Kihanga kuionja, akanusa, akatema.

"Kibuyu kimeoshwa kwa sabuni, imeua povu! Ni huyu mkweo, Nikuze. Jumamosi wazazi wake wakija kutoka Nyakatuntu, asikiguse. Nitamimina mimi."

Nikuze akainama. Baba yake amkute kawekwa pembeni kama mwizi?

Nami, Kokuhirwa, mwenye miaka sabini na meno sita, nikakohoa. Kibuyu tulikiosha wawili, kila mtu na fungu lake la nyasi. Langu nililipaka sabuni kidogo, king'ae mbele ya wakwe.

"Shangazi, naomba nikuoneshe kitu," Nikuze akasema. Akajaza maji kwenye beseni, akanyunyiza unga wa mtama. Ukatulia juu kama mkeka. Akachukua fungu lake, bado bichi, akakamua tone. Unga haukutikisika. "Lingekuwa na sabuni, ungesambaa."

"Na lile jingine?" Dafroza akauliza.

Nikuze akalitazama langu pale ukutani, akanitazama, akafunga mdomo. Mtoto wa watu ananisitiri!

Sitawadanganya kwamba nilisutwa na roho. Nilitaka kuona. Nikalitwaa, nikakamua.

Lo! Unga ukafyatuka wote hadi ukingoni, katikati pakabaki duara la maji matupu. Tone moja! Nywele zikanisimama, zile zilizobaki.

"Nani kaufukuza?"

"Haukimbii, mama, unavutwa. Juu ya maji kuna kama ngozi iliyokazwa. Chembe za sabuni hupanda pale juu, kichwa majini, mkia hewani, zikajipanga. Ngozi ikalegea hapo. Maji ya pembeni bado yanavuta, yanaubeba unga."

Miaka sabini nachota maji, sijui kama yana ngozi!

"Kumbe ni wewe, Kokuhirwa!" Dafroza akang'aka.

"Ni mimi, wifi. Ngoja nirudie." Nikakamua tena. Hakuna kilichosogea.

"Juu pameshajaa sabuni, mama," Nikuze akacheka. "Badilisha maji."

Jumamosi, kwa rubisi mpya na kibuyu kingine, Nikuze alimimina mbele ya baba yake. Povu likapanda hadi mdomoni mwa kibuyu. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko na beseni langu. Dafroza akaja kunikaripia kwa kumaliza unga. Akaona tone linadondoka, akapiga magoti.

"Mama yangu," akanong'ona. "Hebu badilisha maji."